Kodi ya mshahara: haki yake iko wapi na inapotelea wapi

Kila mwezi wa sita bajeti ikisomwa Dodoma kuna watu wawili huwa wanaongea bila kusikilizana. Mmoja ni mwajiriwa, anasema sisi ndo tunaibeba hii nchi, hela inakatwa kabla hata hatujaiona. Mwingine ana duka, anasema nyie mna raha, hamjawahi kufungiwa fremu wala kukadiriwa kodi na mtu aliyekaa dukani dakika kumi. Kila mmoja ana hoja na kila mmoja kuna mahali anakosea, na ukiwasikiliza vizuri unakuta hesabu sio shida yao kubwa. Wanachobishania ni haki, yaani kwa ruhusa gani serikali ichukue sehemu ya jasho la mtu, na ikishachukua, nani achukuliwe zaidi.

Ila lazima tuanze na hesabu, maana nusu ya hasira inazaliwa hapo. Tanzania Bara, tangu Julai 2021, PAYE, yaani kodi ambayo mwajiri anaikata moja kwa moja kwenye mshahara, inaenda hivi. Shilingi 270,000 za kwanza za mwezi haziguswi. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 kinakatwa asilimia 8, kinachofuata mpaka 760,000 asilimia 20, kinachofuata mpaka milioni moja asilimia 25, na kinachozidi milioni moja asilimia 30. Neno la muhimu ni "kinachozidi". Kuna watu wazima kabisa, wana digrii, wanaogopa nyongeza ya mshahara eti itawavusha milioni moja waanze kukatwa 30 kwenye hela yote. Hapana. Kipato chako kinachokatwa kodi kikitoka 1,000,000 kwenda 1,050,000, asilimia 30 inakula ile 50,000 tu, unatoa 15,000 na 35,000 unaondoka nayo. Hakuna nyongeza inayokuacha na hela pungufu kwa sababu ya PAYE.

Sasa chukua mtu wa sekta binafsi mwenye mshahara wa 1,200,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 120,000, na hiyo inatolewa kwanza kabla ya kodi. Inabaki 1,080,000. Kodi yake ni 128,000 za madaraja ya chini jumlisha 24,000 za ile 80,000 iliyozidi milioni, jumla 152,000. Kama alisoma kwa mkopo, bodi ya mikopo nayo inataka asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000. Mkononi anapata 748,000 na roho inauma, anakwambia "serikali inakula karibu nusu ya mshahara wangu". Lakini kodi humo ni 152,000 tu, kama asilimia 12.7 ya mshahara. NSSF ni akiba yake na bodi ni deni lake. Maumivu yote yanaonekana ya aina moja kwa sababu yamepangwa kwenye karatasi moja, ila kimaadili ni vitu vitatu tofauti na ukivichanganya huwezi kujua unamlalamikia nani.

Haya, hiyo 152,000 inachukuliwa kwa haki gani?

Hoja kali zaidi dhidi ya kodi hii aliitoa mwanafalsafa wa Marekani, Robert Nozick, mwaka 1974. Alisema kumkata mtu kodi kwenye kipato cha kazi yake ni sawa na kumfanyisha kazi kwa nguvu. Ukiigeuza iwe siku, huyu jamaa wetu wa 1,200,000 anaamka asubuhi, anapanda daladala, anagombana na bosi, na kwenye siku 22 za kazi karibu siku tatu anakuwa anamfanyia kazi mtu ambaye hakumchagua na hawezi kumkatalia. Uwe unaikubali au huikubali, ni hoja nzito.

Kwetu huku hiyo hoja ina historia yake kabisa, haina haja ya kutoka chuo kikuu cha Marekani. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, vijijini rupia 3 kwa nyumba kwa ujumla, moja ya shabaha zake ilikuwa kuwalazimisha watu watafute fedha, na fedha ilikuwa kwenye mashamba ya walowezi na kazi za serikali. Aliyekosa rupia alilipa kwa kufanyishwa kazi. Waingereza nao wakaendelea na kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Na tusijifanye iliisha na bendera kushuka, kodi ya maendeleo ya halmashauri imefutwa 2003 tu hapa, kuna watu wengi bado wanakumbuka wanaume wakiingia porini mgambo wakionekana kwa mbali. Kodi za namna hiyo hazikuulizi umepata nini. Zinakuuliza kama upo.

Hapo ndo kodi ya kipato ina ubora wake mkubwa, na naona wengi hawaupi uzito. Yenyewe inasubiri upate. Mwezi ambao hujapata hudaiwi, ukipata kidogo unaachwa, ukipata zaidi unatoa zaidi. Hoja ya kazi ya kulazimishwa inaipiga kodi ya kichwa katikati ya kifua, ila kodi ya kipato inaipiga pembeni, kwa sababu hakuna anayekulazimisha uende kazini. Nozick angejibu, basi mbona anayependa kukaa kijiweni haguswi na anayejituma zamu za usiku ndo anakatwa? Nakubali hilo ni swali halali, na kila anayelipwa ovataimu ikakatwa asilimia 30 amewahi kujiuliza bila kumjua Nozick ni nani.

Jibu la upande wa pili lilipangwa vizuri mwaka 2002 na wanafalsafa wawili, Liam Murphy na Thomas Nagel. Wanasema kosa linaanzia pale unaposema "mshahara wangu kabla ya kodi" kana kwamba ulikuwepo mahali fulani ukiwa wako kamili alafu serikali ikaja kuumega. Mshahara huo umewezekana kwa sababu kuna mkataba wenye nguvu ya sheria, kuna CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ukifukuzwa ovyo, kuna Benki Kuu inayofanya shilingi ikubalike, kuna barabara iliyokufikisha kazini, na vyote hivyo vinaendeshwa kwa kodi. Bila kodi hakuna huo mshahara wa milioni na laki mbili wa kulilia, kwa hiyo huwezi kuutumia kama kipimo cha ulichoibiwa.

Mimi hoja hii naikubali nusu. Inathibitisha kwamba kuwepo kwa kodi sio wizi. Haithibitishi kiasi gani, wala kutoka kwa nani, na wanasiasa wengi wanapenda kuruka kutoka la kwanza kwenda la mwisho kama vile katikati hakuna kitu. Kazi yote ya maadili iko hapo katikati.

Chukua suala la kiasi. Kwa nini asilimia zipande na kipato, kwa nini tusitoe wote asilimia 15 tumalize? Wazo la zamani, wachumi wa Uingereza walilizungusha sana karne ya 19, ni kwamba kinachotakiwa kulingana ni maumivu, sio shilingi. Elfu hamsini kwa anayepata laki nne ni unga na ada, elfu hamsini kwa anayepata milioni nane ni chakula cha usiku mmoja na marafiki. Ukiwatoza sawa hujawatendea sawa. Sina ugomvi na wazo hilo. Ugomvi wangu ni kwamba daraja linatakiwa lipande pale maisha yanapopanda, sio pale hesabu ya Hazina inapopungukiwa.

Angalia Kenya uone ninachosema. Kule shilingi zao 24,000 za kwanza ni asilimia 10, 8,333 zinazofuata ni asilimia 25, na kuanzia 32,333 unaingia asilimia 30. Alafu hiyo 30 inaendelea mpaka 500,000. Yaani karani anayepata 40,000 na meneja anayepata 450,000, shilingi ya mwisho ya kila mmoja inakatwa sawasawa. Tangu Julai 2023 wameongeza 32.5 kwa kinachozidi 500,000 na 35 kwa kinachozidi 800,000, sawa, ila hapo chini ngazi ni fupi kiasi kwamba mtu anafika dari kabla hajafika popote. Kuna nafuu ya 2,400 kila mwezi kwa kila mtu, inasaidia wa chini kabisa, haibadilishi umbo la ngazi yenyewe.

Kwetu tuna ugonjwa mwingine, wa kimya. Mipaka ya madaraja hii ya 270,000, 520,000, 760,000 na milioni iliwekwa 2020. Asilimia ya chini ilishushwa kutoka 9 kwenda 8 mwaka uliofuata, watu wakapiga makofi, mipaka ikabaki palepale. Bei zikipanda na mshahara ukaongezwa ili uzifukuze, wewe hujatajirika hata kidogo, unanunua mchele uleule, ila kipande kikubwa zaidi cha mshahara wako kimeingia daraja la juu. Kodi imepanda bila mbunge yeyote kunyoosha mkono. Kama kuna jambo moja kwenye mada hii ningelipigania ni hilo, mipaka isogee yenyewe kila mwaka kufuatana na bei, na serikali ikitaka zaidi ije bungeni iseme.

Oman wao wameamua kuanzia mwisho mwingine kabisa. Sheria yao ya kodi ya kipato cha mtu binafsi, ya kwanza kwenye nchi za Ghuba, ilitangazwa Juni 2025 na itaanza Januari 2028, asilimia 5 kwa kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka. Karibu wakazi wote hawataguswa. Wale ndugu zetu wenye jamaa Maskati waliopaniki kwenye magrupu ya familia wapumue kwanza. Nchi yenye mafuta inaweza kumudu hivyo, sisi hatuwezi, lakini inaonyesha kwamba sehemu ya kuanzia kukata ni uamuzi wa kimaadili kama ilivyo asilimia yenyewe.

Sasa tufike kwenye kidonda chenyewe, nani anakatwa.

Kodi hii Uingereza ilianza 1799 kwa ajili ya vita na Ufaransa, ikachukiwa kiasi kwamba ilipofutwa 1816 Bunge likaagiza kumbukumbu zake ziharibiwe. Ikarudi 1842 kwa jina la kodi ya muda, na mpaka leo kisheria inahuishwa kila mwaka, muda huo haujaisha. Kilichoibadilisha ikawa kodi ya watu wengi ni PAYE, iliyoanza 1944 katikati ya vita nyingine. Mwajiri akageuzwa mkusanyaji wa kodi bila malipo. Kwa serikali ni rahisi mno, mamilioni ya watu unawafuatilia kupitia maelfu ya wahasibu. Sisi tukaurithi mfumo huo tukiwa nchi ambayo wenye ajira rasmi ni wachache, na matokeo yake ni kwamba kodi iliyobuniwa imfuate mwenye uwezo inamfuata anayeonekana.

Hapa mwajiriwa ataitikia kwa kichwa, ndo maana nasema na yeye kuna mahali anakosea. Anaamini mfanyabiashara mdogo anapeta. Mwaka 2022 ikawekwa kwamba mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo kati ya milioni 11 na milioni 100 kwa mwaka anaweza kulipa asilimia 3.5 ya mauzo. Ya mauzo, sio ya faida. Tuseme mtu ana duka la jumla la soda na maji, mauzo milioni 90, faida yake asilimia 6, yaani milioni 5.4 kwa mwaka. Kodi yake ni milioni 3.15. Zaidi ya nusu ya faida imeondoka! Mwajiriwa mwenye kipato hichohicho, 450,000 kwa mwezi, baada ya NSSF analipa PAYE ya 10,800 kwa mwezi, kwa mwaka haifiki hata laki moja na nusu.

Geuza upande wa pili. Mwenye saloni ya kisasa, mauzo milioni 30, gharama zake ndogo, faida milioni 20. Analipa milioni 1.05. Mwajiriwa anayepata milioni 20 kwa mwaka, baada ya NSSF, analipa zaidi ya milioni 3.3. Kwa hiyo huyu wa saloni kweli anapeta, yule wa soda anakamuliwa, na wote tunawaita "wafanyabiashara" kwenye mabishano. Mtu wa soda anaweza kuchagua kupeleka mahesabu kamili akatwe kwenye faida, ila hapo anahitaji mhasibu, risiti za kila kitu na uvumilivu, na wengi wanaona afadhali kupunguza mauzo kwenye karatasi. Ndo maana risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, inaombwa kama unaomba msaada. Sisemi ni sawa kudanganya, nasema sheria inayomtoza mtu zaidi ya nusu ya faida imeshampa sababu ya kudanganya kabla hajafungua duka. Na hata vile vitambulisho vya machinga vya 20,000 vilivyoanza mwisho wa 2018, watu walivipenda kwa sababu vilizuia kusumbuliwa, lakini ukiviangalia kwa jicho la haki ni kodi ya kichwa iliyovaa plastiki, muuza karanga na muuza simu za mtumba bei moja.

Mahakama Kuu ya Kenya iliwahi kulisema jambo hili la anayeonekana wazi kuliko mwanasiasa yeyote. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara kwa mfanyakazi na mwajiri naye 1.5. Tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wakaitupa, na moja ya sababu ni kwamba kuwatoza walioajiriwa rasmi peke yao na kuwaacha wengine bila sababu ya msingi ni ubaguzi. Nilifurahi kuisoma hiyo hukumu. Serikali ikaandika sheria mpya Machi 2024 ikawaongeza na wasio na ajira rasmi, asilimia 1.5 ya kipato chao. Kwenye karatasi ubaguzi umekwisha. Mtaani mwenye mshahara anakatwa kila mwezi bila kukosa na fundi bomba anasubiri mtu wa kumuuliza amepata shilingi ngapi, na hakuna mahakama inayoweza kurekebisha hilo kwa hukumu.

Kuna mengine mawili madogo ya kutazama. La kwanza, gharama. Mwenye mahesabu kamili anatoa nauli, pango, simu na umeme kabla ya kukatwa kodi kwa sababu ni gharama za kutafuta hela. Mwajiriwa naye analipa nauli kutoka Mbagala mpaka Posta kila siku kutafuta hela, ila yake haihesabiwi, kinachotoka kabla ya kodi ni mchango wa pensheni. La pili, wanaokutegemea. PAYE yetu haijui kama uko peke yako au unasomesha wadogo zako wanne na mama yuko kijijini. Kwenye nchi ambayo pensheni ya wazee wengi ni mtoto aliyepata kazi mjini, kujifanya kila mshahara unaliwa na mtu mmoja ni uongo wa makusudi. Na kabla hujamtumia mama hela ilishakatwa kodi, alafu Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala. Kelele zikapigwa, ikapunguzwa asilimia 30 Septemba ileile, na kwenye kutuma hela ikaja kuondolewa 2023. Nadhani watu waliichukia hivyo kwa sababu ilikata kitu ambacho kwetu ni wajibu wa ukoo, ikakiita matumizi.

Namalizia na posho, maana hapa hakuna machinga wa kusingizia. Kenya waliweka kwenye katiba ya 2010, ibara ya 210, kwamba hakuna sheria inayoweza kumwondoa afisa wa dola kwenye kodi kwa sababu ya cheo chake au aina ya kazi yake. Kabla ya hapo posho za wabunge wao zilikuwa hazikatwi. Kwetu sheria ya kodi ya mapato inasamehe posho ya nyumba, usafiri, madaraka na nyinginezo, kama mlipwaji ni mtumishi wa serikali au taasisi ambayo bajeti yake yote au sehemu yake kubwa inatoka serikalini. Mtu wa kampuni binafsi akipewa posho ya nyumba ya 300,000 juu ya mshahara uliokwisha kuvuka milioni, hata tukiacha NSSF pembeni, 90,000 inaondoka. Mtumishi mwenye posho hiyohiyo anaondoka nayo yote. Kwa mwaka tofauti ni 1,080,000, kwa watu wawili wanaokaa mtaa mmoja wanalipa pango lilelile. Hoja inayotolewa ni kwamba serikali kujikata kodi yenyewe ni kuhamisha hela kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Ingekuwa hivyo, basi hata mshahara wa mwalimu wa shule ya serikali usingekatwa PAYE, maana unatoka mfuko huohuo wa kushoto, na unakatwa kila mwezi.